Sura ya Nne: Kampeni Isiyokuwa na Mgombea

Kila uchaguzi unapokaribia, swali moja hurudi vijiweni, ndani ya daladala na matatu, na kwenye makundi ya WhatsApp: hivi mtu mnyenyekevu anaweza kushinda uchaguzi? Wanaouliza wana sababu. Wanaona anayetawala jukwaa ni mwenye sauti kubwa, anayejitapa na kuwakebehi wapinzani wake, na mara nyingi huyo huyo ndiye anayetangazwa mshindi. Wamemwona pia mtu mstaarabu, msikivu, mwenye rekodi safi, akigombea udiwani au ubunge na kuambulia kura za ndugu na majirani. Wakisema siasa haina nafasi kwa wapole, ni vigumu kuwalaumu.

Lakini swali hilo linaulizwa kwa kumtazama mtu mmoja aliyesimama jukwaani, ilhali kampeni ni kazi ya maelfu ya watu ambao jukwaani hawapandi. Ukiitazama kama kazi, utaona kwamba unyenyekevu hauhusiani sana na sauti ya mgombea wala na jinsi anavyowainamia wazee. Katika sura hii neno hilo lina maana moja: utayari wa mgombea na wakubwa wa chama kugawana na wenzao vitu vitatu ambavyo kila mwanasiasa hupenda kuvishika peke yake. Cha kwanza ni nafasi, yaani nani agombee na nani ampishe mwenzake. Cha pili ni sifa, yaani nani atajwe mambo yakienda vizuri. Cha tatu ni taarifa, yaani nani anaruhusiwa kumwambia mkubwa ukweli asioupenda. Historia ya uchaguzi Kenya na Tanzania inaonyesha kwamba penye kugawana hivyo vitatu kura huongezeka, na penye kuvifungia huvuja, hata kama mgombea ni maarufu kiasi gani.

Kura nyingi, ushindi hakuna

Desemba 1991 Bunge la Kenya lilifuta Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichokuwa kimeifanya KANU kuwa chama pekee halali. Upinzani ulikuwa na jina moja lililowaka nchi nzima, FORD, vuguvugu lililoanzishwa Agosti mwaka huo na wanasiasa wakongwe, miongoni mwao Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro na Martin Shikuku. Mikutano yake ilifurika watu. Hata hivyo, kabla ya siku ya kura FORD ilikuwa imepasuka vipande viwili. Kwa nje mzozo ulihusu utaratibu: mgombea urais achaguliwe na wajumbe wa mkutano mkuu, au na wanachama wote moja kwa moja? Kwa ndani swali lilikuwa nani atampisha nani. Jaramogi akabaki na FORD-Kenya, Kenneth Matiba akaondoka na FORD-Asili, na Mwai Kibaki, aliyekuwa ametoka KANU, akasimama na chama chake cha Democratic Party.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Desemba 1992. Rais Daniel arap Moi alipata takribani asilimia 36 ya kura. Matiba alipata asilimia 26, Kibaki zaidi ya 19, na Jaramogi zaidi ya 17. Jumlisha kura za hao watatu: zinapita asilimia 60. Wapiga kura sita kati ya kila kumi walitaka mtu mwingine Ikulu, na Moi akaendelea kukaa pale pale.

Hapa msomaji makini atauliza maswali mawili, na yote ni halali. Je, serikali haikuwa na redio, polisi na machifu upande wake? Ilikuwa nao, na ghasia za Bonde la Ufa zilikuwa zimewahamisha watu wengi kwa nguvu kabla ya kura kupigwa. Je, kila aliyempenda Matiba angekubali kumpigia Jaramogi? La, wapo ambao wangekaa nyumbani. Lakini hata ukiondoa sehemu kubwa ya kura hizo kwa sababu zote mbili, pengo kati ya asilimia 36 na zaidi ya 60 bado ni pana mno. Isitoshe, jambo hilo lilirudiwa. Mwaka 1997 Moi alishinda kwa takribani asilimia 40. Kibaki alipata kama 31, huku Raila Odinga, Kijana Wamalwa na Charity Ngilu wakigawana sehemu kubwa ya zilizobaki. Upinzani ulikuwa umepewa miaka mitano ya kujifunza hesabu ya kujumlisha, na kila kiongozi wake akaamini kwamba wengine ndio wanaopaswa kumpisha.

Desemba 2002

Kilichobadilika mwaka 2002 kilianzia mezani. Mapema mwaka huo Kibaki, Wamalwa na Ngilu, wote watatu wakiwa wamegombea urais mwaka 1997, walikubaliana kusimamisha mtu mmoja, naye akawa Kibaki. Raila wakati huo alikuwa upande wa pili. Machi 2002 alikuwa amekiunganisha chama chake cha NDP na KANU, na wengi waliona anajipanga kumrithi Moi. Moi alipomchagua Uhuru Kenyatta, Raila pamoja na akina George Saitoti, Kalonzo Musyoka na Joseph Kamotho waliasi. Tarehe 14 Oktoba, mbele ya umati mkubwa katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, Raila akatamka maneno mawili ambayo Wakenya hawajayasahau: “Kibaki tosha.” Muungano wa vyama, yaani makubaliano ya vyama kadhaa kusimama na mgombea mmoja, ukazaliwa kwa jina la NARC. Simeon Nyachae hakukubaliana na namna mgombea alivyopatikana, akagombea peke yake kwa tiketi ya FORD-People, na akapata takribani asilimia 6.

Tendo la Raila lina uzito wake. Alikuwa na wafuasi wengi, waaminifu kupita kawaida, na alikuwa ametoka kuukosa mlango mmoja wa urais. Angeweza kufanya alichofanya Nyachae. Uamuzi wake haukutokana na upole, kwani hakuna aliyewahi kumwita Raila mpole. Ulitokana na hesabu iliyofanywa na mtu aliyekuwa tayari kukubali jibu lake. Ndiyo maana nasema unyenyekevu wa kampeni ni uamuzi, na hata mtu mwenye makeke anaweza kuufanya.

Kisha ukaja mtihani ambao hakuna aliyeupanga. Usiku wa tarehe 3 Desemba, akirejea Nairobi kutoka kwenye kampeni za Ukambani, Kibaki alipata ajali ya gari. Aliumia mkono, shingo na kifundo cha mguu, akapelekwa London kwa matibabu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu na siku chache. Mgombea urais wa upinzani alikuwa kitandani, maelfu ya kilomita kutoka kwa wapiga kura wake, katika siku ambazo kwa kawaida kila mgombea hulala saa chache na kuhutubia mikutano mitano au sita kwa siku.

NARC iliendelea na kampeni bila mgombea. Raila, Ngilu, Musyoka, Saitoti, Moody Awori na wenzao waliendelea kuzunguka nchi wakiomba kura kwa ajili ya mtu ambaye hakuwapo. Kila mmoja wao alikuwa na ngome yake, yaani eneo ambalo watu humsikiliza yeye kuliko mwingine, na kila mmoja aliigeuza ngome hiyo kuwa ya Kibaki. Vijana nao waliimba wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji, “Unbwogable”, ambao haukutungwa na chama chochote lakini ukawa wimbo wa kampeni. Tarehe 27 Desemba Kibaki alipata takribani asilimia 62 dhidi ya asilimia 31 za Uhuru Kenyatta. Tarehe 30 aliapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu ukiwa umefungwa plasta.

Kampeni iliyojengwa juu ya mtu mmoja ingesimama siku ile ya ajali. Wasemaji wangesubiri maagizo kutoka London, waratibu wa mikoa wangegombania nani akalie kiti cha mbele, na wapambe wangeanza kunong’onezana kuhusu nani atachukua nini mzee asipopona. Hii ya 2002 ilisonga kwa sababu nafasi na sifa zilikuwa zimegawanywa kabla ya ajali kutokea.

*Kwa ufupi: mwaka 1992 na 1997 upinzani wa Kenya ulikuwa na kura nyingi kuliko Moi, lakini haukuwa na mtu wa kumpisha mwenzake. Mwaka 2002 walipishana, na kampeni ikaweza kwenda hata mgombea alipokuwa hospitalini.*

Kuomba kura usizoruhusiwa kupiga

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi, na kwa maoni yangu ndio mgumu kuliko yote. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipopanga uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 na 1959, iliweka utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo karatasi yake iliharibika. Zaidi ya hapo, haki ya kupiga kura ilitegemea kipato, elimu au cheo. Wanachama wengi wa TANU, chama kilichopigania uhuru, hawakuwa na sifa hizo. Utaratibu ulikuwa wa kudhalilisha, na waliotaka TANU isusie walikuwa na hoja ya maana.

Mkutano wa chama uliofanyika Tabora Januari 1958 ulijadili jambo hili kwa uchungu, na Julius Nyerere akawashawishi wajumbe washiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake cha African National Congress. Waliobaki walipewa kazi isiyo ya kawaida: kuwahamasisha wachache walioruhusiwa kupiga kura, na kuwaombea kura Wazungu na Waasia waliokubali kuungwa mkono na TANU, kama vile Derek Bryceson, Lady Chesham na Amir Jamal. Fikiria mwanachama aliyelipia kadi yake kwa senti za kuungaunga, hana haki ya kupiga kura, anapita nyumba kwa nyumba akimwombea kura Mzungu. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda takribani viti vyote.

Nguvu ya kufanya hivyo haikutoka makao makuu peke yake. Miaka mitatu kabla, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha Dar es Salaam, alianza kuwaandikisha wanawake kupitia vikundi vya aina hiyo, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, michango, sare na utaratibu wa kupeana habari. Hakuwa na shahada yoyote. Uongozi wa TANU, uliokuwa na Nyerere, msomi wa Makerere na Edinburgh, mbele yake, ulikubali kwamba katika kazi hii yeye anajua zaidi. Kukubali hivyo nako ni sura mojawapo ya kugawana taarifa: msomi anamwacha mwenye mtandao afanye anachokijua, bila kumsahihisha kila sentensi.

Je, jina kubwa halitoshi?

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Tanzania, mwaka 2015. Vyama vinne vya upinzani, CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, vilikuwa vimeungana chini ya jina la UKAWA. CCM, chama tawala, ilipolikata jina la Edward Lowassa katika mchujo wa kumpata mgombea urais, Lowassa alihamia CHADEMA mwishoni mwa Julai na mara moja akawa mgombea wa muungano. Oktoba alipata takribani asilimia 40 ya kura, kiwango ambacho upinzani wa Tanzania Bara haukuwa umewahi kukifikia. Mwaka 2010 Willibrod Slaa, mgombea wa CHADEMA, alikuwa amepata kama asilimia 27. Basi mtu anaweza kusema: angalia, jina kubwa limeongeza kura, hayo ya timu ni maneno ya semina.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na sitaikwepa. Jina huleta kura. Lakini tazama na upande wa pili wa daftari. Slaa, Katibu Mkuu aliyekuwa amekijenga chama kwa miaka, aliondoka. Profesa Ibrahim Lipumba, Mwenyekiti wa CUF, alijiuzulu. Katika baadhi ya majimbo vyama vya UKAWA vilivyokuwa vimekubaliana kuachiana vilisimamisha wagombea wawili, wakagawana kura za watu wale wale. Na mwaka 2019 Lowassa mwenyewe alirudi CCM. Jina lilikuja haraka na likaondoka haraka, na waliokuwa wamejenga nyumba kabla halijaja wengi hawakuwamo tena.

Upande wa CCM kulikuwa na John Magufuli, ambaye mtu hawezi kumtaja kama mfano wa mgombea anayejificha. Alipiga pushapu jukwaani. Lakini alisimama juu ya nini? Chini ya kila mkutano wake kulikuwa na ngazi za shina, tawi, kata, wilaya na mkoa, na mabalozi wa nyumba kumi, yaani makada wanaosimamia kundi dogo la kaya na kuzijua kwa majina. Watu 38 walikuwa wamerudisha fomu za kuomba kuteuliwa na CCM mwaka huo. Kati yao 37 walikosa. Isipokuwa Lowassa na wachache waliomfuata, walioshindwa kwa sehemu kubwa walibaki ndani na kufanya kampeni. Makada wana usemi wao kwa hilo, “kuvunja makundi”: baada ya mchujo, kambi ya kila mgombea inavunjwa na watu wake wanaingia kwenye timu moja. Makundi hayavunjiki kabisa, kila mwanasiasa anajua, lakini tofauti kati ya chama kinachojaribu na kisichojaribu huonekana kwenye kura. Asilimia 58 za Magufuli zilitafutwa na watu wengi ambao Juni walikuwa wakimtaka mtu mwingine.

Usiku wa kuhesabu

Pengine mahali ambapo jambo hili linaonekana kwa karibu zaidi ni kituo cha kupigia kura jua likishazama. Nchini Kenya vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, kisha kura zinahesabiwa pale pale. Matokeo ya urais yanaandikwa kwenye Fomu 34A, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 2017, matokeo yaliyotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho kwa kituo hicho. Anayemwakilisha mgombea hapo ni wakala, mtu wa chama anayekaa chumbani, anaangalia kila karatasi inavyoinuliwa, anapinga inayotiliwa shaka, anatia saini fomu na kuondoka na nakala.

Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229. Hata kwa wakala mmoja tu kila kituo, mgombea urais anahitaji zaidi ya watu 46,000 wa kukesha kwa ajili yake, wengi wao hatawahi kuwaona. Tofauti kati ya William Ruto na Raila Odinga ilikuwa asilimia 50.49 kwa 48.85. Katika mbio zilizobana namna hiyo, mwenye kofia na fulana ya chama anayepiga kelele uwanjani ana faida ndogo kuliko mama mmoja aliyekaa darasani na kalamu, akilinganisha idadi ya kura na idadi ya waliopiga. Huyo mama ameamka alfajiri. Ana njaa. Simu yake inakaribia kuzima. Ikiwa posho yake imeliwa na mratibu, au mgombea alimpita sokoni bila kumsalimia, ataona sababu gani ya kubaki hadi saa tisa usiku?

Timu inayowaheshimu watu hawa huijua kazi yao kabla ya siku yenyewe:

- barua ya uteuzi na kiapo cha wakala viko tayari mapema, bila kusubiri usiku wa kuamkia kura;
- chakula, vocha na nauli ya kurudi vina mtu mmoja anayewajibika navyo;
- wakala ana namba ya mtu atakayepokea simu usiku, na huyo mtu ana mamlaka ya kuamua;
- akisema “hapa tumeshindwa”, anashukuriwa kwa ukweli wake.

Kipengele cha mwisho ndicho kigumu. Wapambe wanaomzunguka mgombea hula kwa kumfurahisha. Watamwambia kata fulani “tumeshamaliza” wakati balozi wa pale ameshahama kambi. Mgombea asiyevumilia habari mbaya hupewa nzuri tu, kisha hushangaa siku ya matokeo na kudai ameibiwa. Wizi wa kura upo, umethibitishwa mahakamani zaidi ya mara moja Afrika, na wakala makini ndiye ushahidi wake wa kwanza. Lakini timu iliyojidanganya haiwezi kuonyesha imeibiwa wapi, kwa sababu haikujua ilikuwa na kura ngapi wala wapi.

Magoti ya msimu

Wasomaji wengine watasema unyenyekevu wenyewe umegeuzwa maigizo. Mgombea anapiga magoti mbele ya wazee, anakula kwa mama ntilie, anapanda bodaboda, anabeba mtoto mwenye kamasi. Akishinda, vioo vya gari vinapandishwa. Pingamizi hili ni la haki kabisa. Hata hivyo linahusu kinachofanywa mbele ya kamera, na vitu vitatu nilivyovitaja mwanzoni haviigiziki kirahisi. Magoti hayagharimu kitu. Kumpisha mwenzako jimbo kunagharimu jimbo. Mpiga kura anayetaka kumpima mgombea asitazame magoti yake. Aulize dereva wake analipwa lini, aulize walioshindwa naye kwenye kura za maoni, yaani uchaguzi wa ndani ya chama, wako wapi leo, na nani katika timu yake amewahi kumpinga na bado yumo.

Ahadi ya mezani ikishasahaulika

Pingamizi la mwisho ndilo linalouma, kwa sababu linatoka kwenye mfano wangu mwenyewe. NARC haikudumu. Makubaliano kati ya kambi ya Kibaki na ya Raila kuhusu kugawana madaraka hayakutekelezwa, na uhasama ukaanza miezi ya mwanzo ya serikali mpya. Katika kura ya maoni ya Katiba ya Novemba 2005 ndugu wa jana walisimama pande mbili, wa alama ya ndizi na wa alama ya machungwa, na wa machungwa wakashinda kwa takribani asilimia 58. Miaka miwili baadaye kambi hizo mbili zilikutana kwenye uchaguzi uliomwaga damu ya zaidi ya watu 1,000. Kama kushirikiana kulizaa hayo, kuna faida gani?

Jibu langu ni kwamba ushirikiano wa 2002 uliwekwa kwa ajili ya kushinda tu. Waliogawana kazi ya kampeni hawakugawana kazi ya kutawala, na walipofika Ikulu sheria ya zamani ya mkubwa mmoja ikarudi. Makubaliano yao hayakuwa na mahali pa kuwekwa wala mtu wa kuwauliza. Kenya ililiona tundu hilo: Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 inataka mkataba wa muungano upelekwe kwa Msajili wa Vyama, ili yaliyoahidiwa yawe kwenye faili la serikali badala ya mfuko wa koti la mtu. Mkataba haumzuii mwanasiasa kugeuka, na tumeona miungano iliyosajiliwa ikisambaratika pia. Unachofanya ni kumpa aliyepisha mwenzake karatasi ya kudai haki yake bila kuingia barabarani, na ndiyo maana Raila mwingine wa kesho, kabla ya kupanda jukwaani na kumtaja mtu mwingine, ana haki ya kuuliza kwanza mkataba umesainiwa na nani na uko wapi.